Watu, spea na sahihi: niliyoyaona kwenye ndege za jeshi Port Reitz

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye mkataba wa kutunza ndege za jeshi, swali la kwanza huwa ni kama niliwahi kupanda. Sikupanda. Kazi yangu ilikuwa watu na mizigo: nani yuko zamu, kibali cha nani chaisha mwezi huu, kipuri kimefika wapi, na karatasi zake ziko mkononi mwa nani. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu ikiwa Changamwe. Kampuni ya nje iliyoshinda tenda ya kutunza ndege za uchukuzi za jeshi la nchi ya kigeni ilikuwa ikitafuta mtu anayeijua forodha ya Mombasa, nikaingia. Kampuni sitaitaja, wala hilo jeshi.

Majeshi ya nchi kubwa yameacha siku nyingi kutegemea askari peke yao kwenye karakana. Hutangaza tenda, na ndani yake huwa na waraka mnene wa mahitaji: ndege ngapi lazima ziwe tayari kuruka, mafundi wa fani gani, wenye vyeti gani, vifaa gani, nani analipia nini. Mombasa hilo si geni sana. Wazee wa Magongo wakumbuka 1992, Wamarekani walipoufanya uwanja wa ndege wa Moi, huu wa Port Reitz, kituo cha kupeleka chakula Somalia. Operesheni hiyo iliitwa Provide Relief, ilianza Agosti mwaka ule, na ndege za mizigo za C-130 zilikuwa zikipishana angani. Mmoja wa wapakiaji wetu alikuwa kijana wakati huo, akibeba magunia. Ukimuuliza habari za ndege hana la kusema; akumbuka foklifti. "Ikiharibika moja, mwanangu, foklifti ni sisi."

Hesabu iliyonipa kazi kuliko zote ilikuwa ya watu. Waraka ulisema fundi wa injini awepo saa 24, siku zote 7 za wiki. Aliyepiga bei ya tenda, huko mbali, aliweka mafundi watatu wa saa nane nane, akafunga kitabu. Lakini wiki ina saa 168. Mtu akifanya saa 42 kwa wiki, nafasi hiyo moja yataka watu wanne kamili, na hapo hakuna anayeugua, hakuna anayefiwa, hakuna anayeitwa kozi. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukitia likizo, kozi za lazima, na homa za mvua za Mei, nafasi moja ya saa 24 yala watu watano. Tulikuwa na fani kadhaa za namna hiyo: injini, umeme, haidroliki, bodi. Piga hesabu mwenyewe uone shimo lilikuwa kubwa kiasi gani tangu siku ya kwanza, kabla hata spana haijashikwa.

Na watano hao si watano wowote. Kwenye ndege, kazi haimaliziki bolti inapokaza. Yamalizika mtu mwenye idhini anapotia sahihi. Sehemu nyeti, kama pangaboi, nyaya za kuongozea usukani au viungo vya kushikilia injini, aliyefunga hawezi kujikagua mwenyewe. Lazima aje mwingine mwenye muhuri wa ukaguzi. Kwa hiyo zamu ya usiku ukiwa na mafundi sita hodari na mkaguzi wako mmoja amelazwa hospitali, una ndege iliyotengenezwa vizuri isiyoruka. Meneja wetu, Mmarekani wa makamo aliyestaafu jeshini, alizoea kuniuliza asubuhi, "Tuna watu wangapi leo?" Baada ya muda akabadilisha swali mwenyewe: "Leo nani aweza kutia sahihi?"

Kazi ya ndani ya tangi la mafuta ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Tangi likivuja, fundi huingia ndani kupitia mlango mdogo usiozidi upana wa mabega yake, amevaa barakoa ya kuletewa hewa. Kabla hajaingia, hewa ya humo hupimwa kama ina mvuke wa kulipuka na kama oksijeni yatosha. Nje ya mlango lazima asimame mtu ambaye kazi yake ni kumwangalia tu, haruhusiwi hata kwenda kuchukua bisibisi, na tena awepo wa kumtoa mambo yakiharibika. Ukisoma ratiba waona "fundi mmoja, kwa muda wa saa nne". Kwenye sakafu ya hangari ni watu watatu. Nilimwona mhasibu mmoja aliyetutembelea akiwaangalia hao wawili waliosimama nje, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikumuuliza aliandika nini. Nilijua.

Mombasa nayo ina hesabu zake ambazo hakuna waraka wa Washington unaozijua. Jua la Februari, kaskazi ikiwa imelegea, bati la bawa halishikiki kuanzia saa 4 asubuhi. Tulihamisha kazi za juu ya bawa zikaanza alfajiri, na za mchana zikawa za ndani au za makaratasi. Ramadhani robo tatu ya watu wetu walikuwa wamefunga. Kumtia mtu aliyefunga ndani ya tangi adhuhuri ni kutafuta balaa, na hakuna anayepaswa kulazimika kuchagua kati ya saumu yake na usalama wake. Tukapanga kazi za tangi ziwe baada ya tarawehe, Wakristo wakachukua zamu za mchana, na Krismasi Waislamu wakalipa deni hilo bila kuombwa. Meneja alipoona ratiba hiyo aliuliza ni nani aliyeipanga. Ilipangwa na mafundi wenyewe kwenye meza ya chai, mimi niliiandika tu.

Tena kuna feri. Mtu anayeishi Likoni na anayetakiwa kazini saa 12 asubuhi hana uhakika wa feri. Mkataba ulitaka zamu zikabidhiane kwa maandishi, ndege kwa ndege, kilichofunguliwa na kilichobaki. Zamu zikipishana papo kwa papo, anayeondoka huandika mistari miwili akaruka ndani ya matatu. Tuliomba nusu saa ya zamu mbili kukaa pamoja. Nusu saa mara mbili kwa siku, kwa watu wote, kwa mwaka mzima, ni pesa, na makao makuu walilia. Walinyamaza ripoti za kukabidhiana zilipoanza kusomeka.

Nafasi ambayo haikuwemo kabisa kwenye bei ya tenda ilikuwa ya mlinzi wa stoo ya vifaa. Waliona mtu wa stoo ya vipuri atafanya na hiyo. Meneja alikataa, akapigana hadi akapewa. Tukampata dada mmoja aliyewahi kuwa karani wa ghala bandarini, mtu wa sauti ndogo na moyo wa chuma.

Jioni moja zamu ya mchana yafunga kazi, mafundi warudisha masanduku. Kila kifaa kina nafasi yake iliyokatwa kwenye sponji kwa umbo lake, na kimechongwa namba ya sanduku, hivi kwamba kikikosekana shimo lajionyesha lenyewe. Dada akafungua sanduku la fundi wa bodi, akapitisha kidole kwenye mstari wa ncha za bisibisi, kidole kikasimama.

"Hapa pana moja haipo."

"Labda imeanguka kwenye gari," fundi akasema.

"Labda si mahali, kaka. Niambie mahali."

"Dada, ndege hiyo yaruka saa 2 usiku."

"Yaruka ikipatikana."

Akampigia msimamizi wa zamu, na msimamizi akatia alama ya X nyekundu kwenye fomu ya ndege. X nyekundu maana yake ndege haigusi anga mpaka mwenye mamlaka aiondoe kwa sahihi. Tukawasha taa. Watu wakalala kifudifudi na tochi, wengine wakaondoa mbao za sakafu ya sehemu ya mizigo moja moja. Nahodha alikuja akasimama mikono kiunoni, akaondoka bila neno. Ncha ilipatikana baadaye chini ya sakafu, imelala kando ya puli ya waya unaokwenda kwenye usukani wa mkia. Ndogo kuliko kidole cha mtoto. Dada akaipokea, akasoma namba iliyochongwa, akairudisha kwenye shimo lake, akafunga sanduku na kuandika saa. Tangu usiku huo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini nafasi yake yalipwa.

Sasa mizigo. Ukija na uzoefu wa makontena ya mitumba na magari, utadhani kipuri ni kipuri. Kwa ndege, kipuri bila karatasi ni chuma tu. Chatakiwa kifuatane na cheti cha kuruhusu kitumike: kwa Wamarekani wa uraiani ni fomu 8130-3, kwa Ulaya ni Fomu 1 ya EASA, mamlaka yao ya usalama wa anga, na kwa jeshi lao kuna tagi za rangi. Ya manjano chafaa, ya kijani chahitaji kutengenezwa, nyekundu kimekufa. Kila bidhaa ya jeshi ina namba ya tarakimu 13. Nne za mwanzo zaonyesha ni kundi gani la bidhaa, mbili zinazofuata zaonyesha nchi iliyoipa namba: 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani. Nilizikariri kwa sababu forodhani hawasomi hizo. Wao wana namba zao za ushuru. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati ya hesabu mbili zisizojuana. Mzigo ukiandikwa "spea za ndege" basi, afisa ana haki ya kufungua kila kasha. Ukiandikwa "pampu ya haidroliki, moja, iliyotengenezwa upya, mali ya jeshi fulani, yaingia kwa ajili ya ndege namba fulani", na barua ya msamaha wa ushuru ikataja jina lile lile lililo kwenye hati ya shehena, watoka siku hiyo hiyo. Jina hilo ndilo lililotuchelewesha miezi ya mwanzo. Msamaha ulikuwa wa jeshi, na ghala lililokuwa likipakia huko ng'ambo lilikuwa likiandika mpokeaji ni kampuni. Herufi chache tu kwenye karatasi, na ndege imekaa juu ya jeki.

Vitu vyenye uhai mfupi ndivyo vilivyoninyima usingizi. Gundi ya kuzibia matangi huja na tarehe ya mwisho, na hutakiwa mahali pa baridi. Aina zake huandikwa kwa herufi na namba: ile ya B-2, kwa mfano, baada ya kuchanganywa yakupa saa 2 za kufanyia kazi, lakini saa hizo hupimwa kwenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50. Mombasa ya Machi haina hali hiyo hata usiku wa manane. Joto na unyevu vyazidi kuiharakisha, na fundi hubaki na kopo limeganda kabla hajafika kona ya tatu ya tangi. Shehena moja ya gundi hiyo ilikaa ndani ya ghala la bati wikendi nzima kwa sababu aliyetakiwa kuipokea hakupokea simu. Jumatatu mkaguzi wetu alitazama kifaa cha kupimia joto kilichokuwa ndani ya kasha, akaitupa yote bila kufungua kopo hata moja. Hapo ndipo tulipopata pesa ya friji yetu wenyewe, na ya mtu wa kwenda kupokea mzigo siku yoyote, saa yoyote. Mtu mwingine tena asiyegusa ndege.

Ununuzi wa hapa hapa nao una mitego. Nilikwenda kwa muuza gesi mmoja wa Shimanzi kutafuta oksijeni ya kupumulia marubani. Akaniambia, "Bwanangu, oksijeni ni oksijeni, hata hospitali twawapa hii." Kwa mgonjwa kitandani ni sawa. Ile ya ndege lazima iwe kavu mno, kwa sababu unyevu kidogo tu huganda barafu kwenye vali ndege ikiwa juu, na rubani akose hewa. Mzee yule hakuwa mbishi wa kupenda ubishi. Alitaka kuona kipimo. Nikampelekea karatasi ya viwango, akaisoma na miwani yake, akasema hiyo hana na wala asingejaribu kuniuzia. Namheshimu hadi leo. Tuliiagiza kutoka nje, mitungi kwa meli kama shehena ya hatari, ambayo yenyewe yataka mtu aliyesomea kuifunga na kuiandikia. Naitrojeni ya magurudumu, kwa upande wake, tuliipata hapa hapa bila taabu.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa maji. Ndege inayolala kando ya bahari huliwa na chumvi. Upepo wa kusi huileta hadi ndani ya hangari; ukipitisha kidole kwenye kioo asubuhi, kina unga mweupe. Dawa yake ni kuosha, mara kwa mara, kwa maji matamu, kisha kupaka mafuta kwenye viungo. Waraka wetu ulikuwa umenakiliwa kutoka kambi ya jangwani. Ulitaja vichujio vya mchanga kwa urefu na mapana. Ulitaja hata mashine ya kupasha joto hangari, nadhani kutoka waraka mwingine tena wa nchi ya theluji, na mashine hiyo ililetwa kweli, mpya kabisa, ikakaa kwenye kasha lake kama bibi harusi aliyekosa mume. Maji ulisema tu "yapatikane". Mombasa maji yatoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, mbali, na mifereji hukauka siku ambazo hukutarajia. Kisima cha jirani kilikuwa na maji tele, ya chumvi. Kuosha chumvi kwa chumvi hakufai. Nikaanza kununua maji matamu kwa bauza, yaani lori la tangi, na kila bauza likapimwa kabla ya kufunguliwa. Gharama hiyo haikuwa na mstari kwenye bajeti, ikapita miezi mingi chini ya "mengineyo", hadi mkaguzi wa hesabu alipouliza mengineyo gani haya yanayokunywa pesa kila wiki.

Kuna jambo moja ambalo hadi leo sikulikubali moyoni, ijapokuwa nalielewa kichwani. Tulikuwa na vijana wenye leseni za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, waliosomea chuo cha anga cha Embakasi, Nairobi, wenye miaka kwenye ndege za abiria. Mkataba wenyewe ulisema tuajiri wenyeji. Lakini sheria za Marekani za kudhibiti vifaa vya kijeshi, ITAR, hazihesabu bunduki na ndege peke yake. Zahesabu pia maelezo ya kiufundi. Kumfungulia raia wa nchi nyingine kitabu cha matengenezo, hata kama mmesimama meza moja hapa Port Reitz, ni sawa na kusafirisha bidhaa, na yataka kibali. Kibali huombwa kwa kutaja ni nchi gani, ni maelezo gani, ni kazi gani. Chachukua muda. Basi fundi hodari wa Changamwe alikuwa akivuta ndege kwa trekta, akiosha, akijaza naitrojeni, huku wa kutoka ng'ambo, mwenye uzoefu mdogo kuliko wake, akishika kitabu. Mmoja wao aliniambia, bila hasira, "Mzee, mimi nimefungua injini kubwa kuliko hii. Hapa naambiwa nisitazame ukurasa."

Vibali vilipokuja, vilikuja kwa kazi chache, na hapo tofauti ikaonekana mara moja. Kila nafasi tuliyompa mwenyeji mwenye kibali ilitupunguzia nyumba ya kupanga Nyali, tiketi za ndege, na kibali cha kazi cha uhamiaji kwa mgeni. Na mwenyeji hakuondoka baada ya mwaka mmoja. Ningekuwa mimi ninayeandika tenda, ombi la kibali hicho lingetumwa siku ile ile mkataba unapotiwa sahihi, si wakati watu wameshaajiriwa na wameshakaa bure wakilipwa. Na ningetaka mwenye kupiga bei aje alale Mombasa wiki moja, ya kusi, kabla hajajaza safu ya watu.

Tenda ilipotangazwa upya, kampuni nyingine ikashinda kwa bei ya chini zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo kawaida. Waliwachukua mafundi wetu wengi, maana watu wenye idhini hawapatikani kwa kuokota, wakawapunguzia mishahara kidogo, na stoo ya vifaa wakaipa mtu mmoja kwa zamu mbili. Dada alikataa masharti hayo, sasa yuko kwenye ghala la kampuni ya chai. Mimi nilirudi kwenye forodha. Aliyekalia kiti changu hunipigia simu mara moja moja, na mara ya mwisho alitaka kujua bauza la maji matamu hupatikana wapi mifereji ikikauka. Nikampa namba ya mtu wa Mikindani, nikamwambia apime kila bauza kabla ya kulipa.